Udongo wa Tapiri, Udongo wa Kasuku

Mama Eufemia alikuwa ametangaza, na yeye akishatangaza huwa hatanii. Mwezi ukijaa tena, Wilmer atakapopita na mtumbwi wake wa mashine, anashuka naye mto mpaka kule chini, kijijini kwao kwa zamani, na asitokee mtu wa kumshika mkono.

“Hapa mimi sikai,” alisema. Alikuwa amekaa kwenye kigogo chake jikoni, macho yake yenye ukungu yameelekea motoni. “Mto una samaki, sawa. Muhogo umeshika, sawa, mzuri tu. Lakini udongo wa chungu uko wapi? Mwaka mzima nakunywa kwenye plastiki kama ndama wa padri.”

Ndama wa padri walimkumbuka wote, na beseni lake la bluu, lakini hakuna aliyecheka.

Semira, binti yake mkubwa, alikuwa anaponda muhogo wa kuchachusha aswa, pombe ya nyumba. Mchi ukabaki hewani. Kule chini ndiko mto ulikowafuata mchana kweupe mwaka juzi, ukabeba nyumba mbili na banda la jiko, na Mama Eufemia ndani ya banda. Semira ndiye aliyemdaka mama yake kwa nywele na kumning’iniza mtini mpaka maji yakapungua. Baada ya hapo ukoo ulihamia huku juu, mwendo wa siku mbili kwa kasia, kwenye ardhi iliyoinuka. Walihama wote isipokuwa Mama Rosaura, mdogo wake Mama Eufemia na mama mzazi wa Wilmer. Huyo alijenga upya palepale, hatua ishirini nyuma, kana kwamba mto hauwezi kupiga hatua ishirini.

“Mama, kule kuna mafuriko,” Semira alisema.

“Na udongo.”

“Si Wilmer akuletee gunia la udongo?” aliuliza Hilario, mdogo wake Semira, mtu wa kupenda amani na kulala mapema. “Magunia mawili, hata.”

“Na wewe nikuletee mke wa kuazima? Odila umrudishe kwao?”

Odila, mke wa Hilario, alikohoa kicheko ndani ya kiganja. Hilario akashika tama. Alijua kama wote walivyojua kwamba udongo wa chungu una mwenyewe, mwanamke asiyeonekana anayekaa chini yake, na kila mahali pana wake. Ukimbeba wa huko ukamleta huku, atakununia mpaka kufa kwako.

Wala hakuna aliyeweza kusema kwamba Mama anadeka. Kabla macho hayajaingia ukungu, mabakuli ya Eufemia yalikuwa mepesi kama ganda la yai, na ukiyagusa kwa kucha yanaimba. Wageni walikuwa wanakunywa, wanayageuza kuangalia michoro ya chini, wanaomba kuongezwa ili wayashike tena. Mwanamke wa kwao anayempa mgeni aswa kwenye kikombe cha dukani anampa huku amegeuza uso. Hivyo ndivyo Mama alivyojisikia mwaka mzima, na Semira alimwelewa, na kumwelewa hakukumpunguzia hofu hata chembe. Mafuriko yajayo hayatakuwa na Semira pembeni.

Tatizo ni kwamba walikuwa wameshatafuta. Semira na Odila walichimba kila kijito cha huku juu, wakapata udongo mwekundu unaomeguka kama biskuti, na mwingine mweusi unaonuka mayai. Siku ishirini na nane, mwezi kwa mwezi, zilikuwa mbele yao, na hawakuwa hata na pa kuanzia.

Pa kuanzia palitoka kwa Hilario, ambaye hakujua anasema nini. Asubuhi ya pili yake alikuwa anakunywa chai yake ya majani ya msituni, akasema ovyoovyo, “Ajabu nyinyi mnatafuta udongo, na wanyama wanaula kila siku.”

“Wanyama gani?” aliuliza Semira.

“Tapiri, yule mnene wa pua ndefu. Kule kinamasini, kwenye mitende, amechimba shimo unaweza kumlaza ng’ombe. Na kasuku, hawa wadogo wa kijani. Wao wako kwenye genge la kijito, upande wa mawio. Wanajazana pale asubuhi utadhani wanagawiwa bure.”

Semira na Odila wakatazamana. Halafu kila mmoja akaangalia pembeni, kama mtu aliyeona matunda mazuri sokoni na hataki jirani yake ayaone.

“Ningekuwa mimi,” alisema Odila taratibu, “ningemfuata tapiri. Mnyama mzito vile, tumbo lile, akila udongo mbaya si angeshakufa? Wifi, huyo amepima.”

“Tapiri anaweza kula kiatu chako asijue amekula nini,” Semira alimjibu. “Mimi naamini kasuku. Ndege hatoshi konzi ya mkono. Punje moja tu mbaya, amekwisha. Lazima achague.”

“Kasuku ana akili gani? Anapiga kelele akiwa na furaha, anapiga kelele akiogopa.”

“Kama watu fulani, basi.”

“Mimi huyo?”

“Sijataja mtu.”

Hilario akasema ukiweka tapiri mmoja upande huu wa mizani, ile ya dukani mjini Puyo, upande wa pili utahitaji kasuku elfu tatu, na hapo hujapima kelele. Mama Eufemia alisikiliza yote haya, akazungusha kinywaji mdomoni, akatema pembeni ya moto. “Tafuteni,” alisema. “Siku zinakwenda.”

Semira alifika kwenye genge la kijito kabla jua halijapanda juu ya miti, akajibanza nyuma ya mzizi mkubwa na kutulia. Kasuku walikuja makundi kwa makundi, wakatua kwenye matawi ya juu, na kwa muda mrefu hawakufanya kitu kingine isipokuwa kugombana. Alianza kudhani Odila amesema kweli. Kisha mmoja akashuka, akafuatwa na wawili, halafu mti mzima ukamwagika kwenye ukuta wa genge kama kapu la majani mabichi.

Aliona jambo lililomfanya asahau siafu waliokuwa wanampanda mguuni. Genge lilikuwa refu mara tatu ya mtu, na lilikuwa na udongo wa rangi tano au sita, tabaka juu ya tabaka. Kasuku walikuwa wamejipanga kwenye tabaka moja tu, jembamba, halizidi upana wa kiganja, lenye rangi ya maziwa yaliyotiwa majivu. Juu yake palikuwa na nafasi tele, na chini yake pia, lakini hakuna aliyegusa. Walikuwa wanakanyagana na kuvutana mikia kugombania mstari ule mmoja. Nani aliwaambia? Walionja wangapi wakafa mpaka wakajua ni ule? Au huzaliwa wanajua, kama mtoto anavyojua titi?

Mwewe alipopita wote waliruka kwa mpigo mmoja. Semira akapanda, akakata kipande cha mstari ule kwa panga, akakitia mdomoni. Kiliteleza kwenye ulimi kama mafuta ya nguruwe-mwitu, na nyuma yake ikaja chumvi kidogo. Meno hayakupata kitu cha kusaga. Moyo wake ulipiga kwa nguvu hata akacheka peke yake.

Alijaza kikapu, akakifunika majani ya ndizi-mwitu, na wakati wa kurudi akazunguka kwa njia ndefu ya mianzi ili nyayo zake zisionekane. Wakati huo hakujiuliza kwa nini anafanya vile.

Siku tatu baadaye udadisi ulimzidi. Odila alikuwa anarudi kila jioni na kikapu kilichofunikwa, ameloa mpaka kiunoni, na anajibu maswali kwa kuguna. Basi alasiri moja, wifi yake akiwa shambani, Semira alikwenda kinamasini kumtazama huyo tapiri.

Nyayo zilikuwa wazi matopeni, vidole vinne mbele na vitatu nyuma. Alipanda juu ya mtende ulioanguka, akangoja. Jua lilipoanza kulegea, majani yakafunguka bila sauti na akatokea jike mmoja, mnene, mweusi wa kijivu, na ile pua yake ndefu inanusanusa hewa huku na huku kama mkono wa kipofu anayetafuta mlango. Mwili mkubwa namna ile, na ndege aliporuka karibu alishtuka mpaka masikio yakalala. Kisha akaingia shimoni mpaka magotini, akatia pua yote kwenye tope, akaanza kula.

Semira alitegemea kuona ulafi. Ulafi ulikuwepo, kwa kweli, maana alikuwa anameza tope kama anayelipwa. Lakini kila baada ya funda tatu au nne alisimama, akafumba macho, akatafuna polepole sana. Kuna kitu kilikuwa kinasagika. Sauti yake, krich, krich, ilifika hadi pale juu ya mtende. Kasuku alichagua kwanza, ndipo akala. Huyu alikula kwanza, na kuchagua, kama alichagua, kulikuwa ndani ya mdomo. Ni nani kati yao anajua zaidi? Semira alikaa na swali hilo mpaka mbu walipomfukuza.

Kabla ya kuondoka alionja. Udongo wa tapiri ulikuwa wa kijivu, na chumvi ilikuwa ileile, ila ulikuwa umejaa mchanga mwembamba uliomkwaruza ufizi. “Huu ni wa kusugulia masufuria,” alijisemea, akaona furaha inamjaa kifuani, na furaha ile haikuwa safi. Hakumwambia Odila kitu. Angeweza kumwambia.

Walifinyanga kila mmoja kwake, mmoja upande huu wa nyumba na mwingine upande ule, wanaimba ili udongo usichoke. Mama Eufemia alikaa katikati, akisikiliza pande zote mbili.

“Semira, mbona kimya? Huo wimbo umeukata.”

“Unanata, Mama. Unashika vidole.”

“Na wewe Odila, nasikia unapigapiga.”

“Mikanda ya kujengea inameguka, Mama. Lakini itakaa sawa. Udongo huu mnyama wake si mchezo.”

“Mnyama wake,” Mama alirudia. “Mmechukua wapi, nyinyi?”

Wote wawili wakajibu pamoja kwamba ni mbali kidogo. Mama akatikisa kichwa, akaomba apewe samaki wake aliyechomwa kwenye majani, na hakuuliza tena.

Mabakuli ya Semira yalikuwa mazuri yakiwa mabichi, ukuta mwembamba, midomo imepinda vizuri, hata akajisikia ameshashinda. Siku ya tatu kivulini yakaanza kutoa nyufa ndogo kama mistari ya kiganja. Alizipaka maji, akazisugua kwa jiwe la mtoni, zikarudi. Aliyatia motoni hivyohivyo, akiomba, na moja baada ya jingine yalipasuka kwa mlio uliowafanya kuku wakimbie. Kati ya tisa halikubaki hata moja. Alijikaza asilie, akakusanya vigae kwenye kikapu, akavifunika kwa majani yaleyale ya ndizi-mwitu, na asubuhi akashuka mtoni kwenda kuvitupa mahali pasipo na macho.

Macho yalikuwepo. Odila alikuwa amesimama majini mpaka magotini, kikapu chake kimeinama, na vitu vinaanguka chubwi, chubwi.

“Unatupa nini?” aliuliza Semira.

“Taka. Na wewe?”

“Taka.”

Wakasimama. Maji yalikuwa safi, na vigae vyote vilikuwa vinaonekana chini, vya maziwa na vya kijivu, havikutaka hata kusombwa. Odila ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikamgeuka katikati ya njia.

“Yangu hayakupasuka,” alisema, akifuta pua. “Yalisimama imara, wifi, nikaanza kuota sherehe. Nikatia aswa. Nikageuka kuchukua kibuyu, kurudi, bakuli tupu! Imevuja yote imekwenda ardhini. Mazito kama mawe, yanakwaruza, na yanavuja. Manane yote.”

“Yangu yamelipuka tisa.”

“Tisa!”

“Usifurahi.”

“Sifurahi.” Odila alisema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa na maji, “Semira, ni mimi. Ni roho mbaya yangu. Nimeuficha udongo. Nimepita majini kila siku ili usione njia, nimekuwa mchoyo wa udongo, na mwenyewe ameona.”

Semira aliona uso unamwaka. Wanawake wa kwao hukua wakiambiwa hili kabla hawajaambiwa jambo lingine lolote la ufinyanzi. Udongo haufichwi. Mwenye kuuchimba humwita mwenziwe, na mchoyo chungu chake hupasuka au huvuja, halafu siku moja akirudi shimoni haukuti, umehama. Mama alikuwa amewaambia wote wawili tangu vidole vyao viko laini. Na walikuwa wamesahau kwa siku kumi na tisa, kwa sababu ya tapiri na kasuku, kwa sababu ya nani alisema kweli.

“Mimi nimezunguka kwa njia ya mianzi,” alisema. “Na nilikwenda kuonja wako. Nikaona una mchanga. Nikafurahi nikanyamaza.”

“Ulionja wangu?”

“Ndiyo.”

“Mshenzi wewe.”

“Ndiyo.”

“Mimi nilikwenda kuonja wako,” alisema Odila. “Juzijuzi. Nikaona unanata kupita kiasi. Nikanyamaza pia.”

Wakaangaliana, mawifi wawili wenye miaka arobaini na ushei, na hakuna aliyekuwa na la kumcheka mwenziwe. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Dawa ya uchoyo ilijulikana, na wala haikuhitaji mganga. Unampelekea uliyemnyima, mkononi mwake, sehemu ya ulichomnyima, naye hauweki huo wa kupewa. Anaukanda siku hiyohiyo ndani ya udongo wake, mbele yako, ili mwenye udongo aone kwamba limekwisha. Kabla jua halijafika utosini, Odila alikuwa ameleta majani mawili yaliyojaa udongo wa tapiri, na Semira amempelekea mafungu manne ya udongo wa kasuku. Wakapiga magoti na kukanda.

Semira alikuwa wa kwanza kuacha. Akainua mikono, akatenganisha vidole. Havikunata.

“Odila. Hebu shika huu.”

Odila alikamua donge, akalisokota likawa mkanda mwembamba mrefu, akalikunja duara kabisa kwenye kidole chake. Halikumeguka. Alilikunjua, akalikunja tena.

“Amesamehe,” alinong’ona.

“Au ni mchanga,” alisema Semira. “Wangu ulikosa cha kuushikilia. Wako ulikosa cha kuuziba.”

“Usianze. Usimjaribu.”

“Nauliza tu.”

“Ndiyo hivyo, usiulize! Finyanga!”

Akafinyanga, lakini kuuliza hakuacha. Alitamani sana kuchukua konzi ya udongo wa kasuku na kuikanda kwa mchanga wa kawaida wa mtoni, pembeni, aone itakuwaje. Hakuthubutu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuogopa kujua kitu, na hakupenda ladha yake.

Muda ulitosha mabakuli matatu tu. Waliyakausha polepole, mbali na upepo, Odila akilala pembeni yake kama mlinzi. Moja lilikanyagwa na kuku wenyewe wakiwa wanakula. La pili lilipata ufa kwenye kitako, mdogo, kwa sababu Odila, kwa haraka, alikuwa ameacha kokoto ndani. Likabaki moja. Walilichora kwa brashi ya nywele za Semira mwenyewe, mistari ya nyayo upande mmoja na manyoya upande wa pili, maana hata sasa hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenziwe. Asubuhi ya siku ya mwisho walilichoma ndani ya nusu ya mtungi wa zamani uliovunjika, limefunikwa majivu na kuni juu. Wakakaa wameshikana mikono bila kujua, wakisubiri mlio. Mlio haukuja. Walilitoa lingali la moto, wakalisugulia utomvu wa mti, michoro ikawaka.

Ndipo wakasikia mashine ya Wilmer mtoni.

Mama Eufemia alikuwa ameshashuka ukingoni. Alikuwa amevaa gauni lake la kusafiria, mkononi fimbo, na uso wa mtu asiyetaka kuombwa. Wilmer, kijana mnene mchangamfu, alikuwa anafunga kamba na kulalamika kwamba maji yanapungua, wasichelewe. Semira alikimbia mteremko wote na bakuli kifuani, Odila nyuma yake na ndoo ya aswa iliyokuwa inamwagika, Hilario nyuma yao akiuliza kumetokea nini.

“Mama,” alisema Semira, na pumzi ikamwishia hapo. Akamwekea bakuli mikononi.

Vidole vya Mama vilizunguka mdomo wa bakuli, vikashuka ukuta, vikapima kitako. Vilipita juu ya michoro kama vinaisoma. Aliliinua kupima uzito, akaliweka karibu na sikio, akaligonga kwa ukucha wa kidole gumba. Liliimba. Sauti haikuwa ndefu kama ya yale ya zamani, lakini ilikuwa sauti.

“Nipeni kinywaji.”

Odila akamimina. Mama akanywa nusu, akakunja pindo la gauni lake gotini, akaliweka bakuli juu yake, akangoja. Wilmer akasema jua, mama mkubwa, jua linatuacha. Hilario alianza kuhesabu vidole. Semira alikuwa anatazama pindo lile la gauni, na roho yake iko juu, hajawahi kutazama kitu namna ile tangu siku aliyotazama nywele za mama yake zikielea.

Mama akainua bakuli, akapapasa nguo. Ilikuwa kavu.

“Wa nani huu?” aliuliza. “Wa tapiri au wa kasuku?”

“Wote wawili,” alisema Odila.

“Mmechanganya?”

“Tulikuwa wachoyo, Mama. Tukalipana.”

Mama alicheka, kicheko cha kutoka tumboni ambacho hawakuwa wamekisikia tangu mafuriko. “Miaka sitini nafinyanga! Kule kwetu udongo ulikuwa unatoka shimoni ukiwa tayari, sikuwahi kujua ndani yake kuna namna mbili. Na nyinyi mmefundishwa na nani? Wale wanatafuta chumvi tu. Hakuna kasuku aliyewahi kufinyanga chungu, wala tapiri.” Akamaliza kinywaji, akajipangusa mdomo. “Wilmer. Nishike mkono.”

Wilmer akamshika. Mama akatia mguu mmoja ndani ya mtumbwi.

Semira alipiga hatua moja kuelekea mtumbwini. Basi ndivyo. Alikuwa amelipata la kumzuia, amempa mkononi, na mama anaondoka nalo. Odila alimkamata kiwiko kwa nguvu mpaka kikauma.

Mama aliinama, akapapasa, akapata kikapu cha Wilmer chenye nguo. Alilifunga bakuli ndani ya shati, akalibana katikati ya nguo vizuri, akapiga juu yake mara mbili kwa kiganja.

“Hili mpe mama yako,” alisema. “Mkononi, usilitupe jikoni. Mwambie anywee, na akishakunywa apande aje. Mwambie dada yake ana udongo.” Akautoa mguu mtumbwini, akaurudisha nchi kavu. “Na wewe urudi naye. Usirudi peke yako hapa, sitakupikia.”

Wilmer alitazama huku na huku, akitafuta mtu wa kumweleza vizuri. Alipoona hakuna, akavuta kamba ya mashine.

Lile ndilo lilikuwa bakuli pekee. Semira alikuwa hajanywea hata funda. Aliona mkono wake unataka kunyooka, na mdomo unataka kusema hilo ni langu, mpe lingine tutakalofanya kesho. Alijua kitu hicho kinaitwaje. Akakimeza kwa shida, kikapita. Mtumbwi ulipokata kona alianza kulia, waziwazi, mbele ya wifi yake na mdogo wake, wala hakujua kama anamlilia mama aliyebaki au bakuli lililokwenda.

Mama Eufemia alikuwa ameshaanza kupanda mteremko, akipiga nyasi kwa fimbo na kuuliza kwa sauti kubwa ni njia ipi inakwenda kwa huyo tapiri.